Arobaini ya Kihori

Jana usiku nimeota kihori changu kimelala kitandani kwangu, kimefunikwa shuka, kinasema hakitoki nje mpaka arobaini yake iishe.

Msinicheke kwanza. Sikula kitu kizito. Nilikula kiporo cha wali na pweza kidogo, nikalala mapema kwa sababu asubuhi nilikuwa na safari, na safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Mke wangu Mwajabu alikwenda kujifungulia kwao, kisiwani Jibondo, na siku zake arobaini za kukaa ndani zilikuwa ndiyo zinatimia. Nilitakiwa nivuke kutoka hapa Utende nikamchukue yeye na binti yetu Tunu, ambaye mpaka leo nimemwona mara moja tu, amefungwa nguo mpaka pua, amelala, hana habari na mimi.

Hilo jina la Tunu alilitoa mama mkwe, Bi Somoe. Nilipouliza limetoka wapi, akasema alilichagua babu yake. Nikaona hayo ni maneno ya bibi kwa mjukuu wake, maana babu mwenyewe alifariki kabla hata ya mimba kuingia. Sikubishana.

Jioni Bi Somoe akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hemedi, kesho unakuja na nini?"

"Na Sina Presha, mama." Sina Presha ni boti yangu ya kubebea watalii. Jina limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, linasomeka toka mbali. Kila mwaka kabla ya Ramadhani naipaka rangi mpya, na injini yake naifunika turubai ikinyesha.

"Boti naijua. Nakuuliza, kutoka mchangani mpaka kwenye boti, mjukuu wangu anapanda nini?"

Nikasema haloo, haloo, kana kwamba mtandao unakatika.

"Ukija na lile karai lako, rudi nalo. Mke na mtoto watabaki hapahapa. Usiku mwema." Akakata.

Karai alilolisema ni kihori changu, kimtumbwi cha kuvushia watu. Kwetu maji ya pwani ni mafupi, boti hutia nanga mbali, na mtu hatoki mchangani kwenda botini ila kwa kihori. Changu kimepakwa rangi zilizobaki kwenye makopo, kasia moja ni kasia na la pili ni ubao wa kitanda. Kinavuja. Na pale kinapovujia zaidi, ole wangu, niliwahi kupaziba kwa kipande cha kanga nilichokichana kwenye kamba ya nguo nikiwa na haraka. Siku Bi Somoe alipokuja kututembelea, nikampandisha, akaketi, akatazama chini, akaiona pindo ya kanga nyekundu aliyompa mwanawe siku ya harusi. Hakusema neno mpaka tumefika. Bora angesema.

Halafu kihori chenyewe kiliundwa na marehemu mumewe, Fundi Mkadam. Alinipa kwa mikono yake siku aliyotuoza.

Basi, nikalala na mawazo hayo.

Naona ni asubuhi. Jua limeingia chumbani. Upande wa Mwajabu kimelala kihori, kichwa chake kiko juu ya mto. Karibu yake, juu ya kigoda, limekaa dumu lililokatwa, lile ninalokumbia maji kihorini, limejifunga kitambaa kichwani.

"Amka twende," nakiambia. "Maji yanajaa."

"Siwezi," kinasema kihori. "Niko ndani ya arobaini."

"Arobaini ya nini?"

"Ya kuzaliwa kwangu. Bado haijakatika."

"Wewe! Umeingia baharini miaka yote hii!"

"Nilitumbukizwa," kinasema kwa upole. "Kutumbukizwa na kutolewa nje ni mambo mawili. Sina Presha aliposhushwa majini, ulichinja mbuzi?"

"Nilichinja."

"Watu walikula pilau?"

"Walikula."

"Ubani ulifukizwa?"

"Kidogo."

"Moshi wake ulinifikia kule chini ya mti wa mkungu. Nilikohoa peke yangu. Na mimi siku hiyohiyo uliniingiza majini kwa kunisukuma na mguu."

Ni kweli nilikisukuma na mguu. Mikono ilikuwa imeshika sahani ya pilau.

"Asisumbuliwe," linasema dumu. "Mimi ndiye mkandaji wake. Nimemkumba maji toka alfajiri na bado anatoka jasho."

Nikaona hawa wananipotezea muda. Mimi ni nahodha bwana, nitakwenda botini mwenyewe. Nikafungua mlango wa chumba, na mlango ukafungukia ufukweni, jambo ambalo lingenisaidia sana siku za kawaida.

Sina Presha ametia nanga palepale pa siku zote. Amevaa hereni. Nikakunja suruali, nikaingia majini.

Natembea. Maji yako kwenye kifundo cha mguu. Natembea tena. Maji yako kwenye kifundo cha mguu. Nageuka nyuma, mchanga uko mbali. Nageuka mbele, boti iko vilevile.

"Mbona unarudi nyuma?" nampigia kelele.

"Sirudi, mpenzi," anasema Sina Presha, anajitazama majini. "Nimetia nanga. Ni sheria yako."

"Sheria gani?"

"Si wewe unayewaambia watalii kila siku? Hakuna anayefika kwenye boti kwa miguu. Nimeitii."

"Nilikuwa nawaambia wao!"

"Mimi nilisikia neno hakuna."

Nikajitupa niogelee. Kifua kikagota mchangani. Nikaendelea kuogelea kwa muda juu ya mchanga, kwa bidii, na kaa mmoja akanipita akitembea upande, akanisalimia kwa heshima.

Simu ikalia mfukoni.

"Shikamoo baba," ikasema sauti nzito, ya mtu wa ofisini.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Tunu. Binti yako."

"Aa! Hujambo mama? Umeshaanza kusema?"

"Sijaanza. Nimetoa taarifa tu. Nepi zangu nimezifunga, mama amevaa, bibi amekalia sanduku la nguo na hasimami. Nataka kujua kama unakuja au niendelee kuishi huku. Maana kama naendelea, kuna watu wameshajipanga kunifundisha kutembea, na mimi jambo hilo ningependa tulifanye nyumbani, ukiwepo."

Jamani. Nilijiona natumiwa picha ya mwanangu kwenye simu, amesimama, amemshika mtu mwingine kidole. Nikasema usiondoke hapo, akasema hana pa kwenda, bado hana miguu ya kwendea, akakata kama bibi yake.

Nikarudi mbio. Na kurudi hakukuwa na shida yoyote, hatua moja tu nikawa nchi kavu.

Ufukweni sasa kuna kikao. Vihori vyote vya Utende vimekaa kwenye mikeka, vinakunywa kahawa. Changu kimeletwa na kitanda chake. Dumu linagawa tende.

"Karibu," kinaniambia kihori kimoja chenye tumbo gumu la kijivu. "Mimi ni wa Mwalimu Shaibu. Ndani yangu lilichanganywa zege la choo. Tunajadili kwa nini wenye boti hawatujali. Kaa, usione haya, wewe ni mfano mzuri."

Nikakaa.

"Mimi nasema ni injini," kikaendelea kile cha zege. "Mtu anapenda kitu kinachopiga kelele. Sisi tunakwenda kimya, anadhani anakwenda mwenyewe."

"Punguza sauti," kikanong'ona kingine. Ndani yake ametamia kuku. "Mimi naona ni kwa sababu hatuibiwi. Mtu hulinda kinachoibiwa. Mimi wangu aliniacha bila kunifunga Idi iliyopita, karudi kanikuta, akakasirika."

"Wewe una maoni gani?" kikaulizwa kihori kilichopandwa maua mbele ya hoteli.

"Mimi sina malalamiko," kikasema. "Namwagiliwa."

Wengine wakaguna. Ilionekana hilo lilikuwa tusi la zamani baina yao.

Halafu kihori changu kikainuka kidogo kitandani. Dumu likakiwekea mto mgongoni.

"Ukiwa ndani yangu, Hemedi, unaitazama boti," kikasema. "Ukifika botini unaitazama bahari. Ukirudi unautazama mchanga. Sasa nakuuliza bila ugomvi. Mimi zamu yangu ni saa ngapi?"

Dumu likaacha kugawa tende. Hata kuku aliacha kujipanga juu ya mayai. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli, ya kuwasha masikio, na nikatamani kile kihori kingenitukana tu yaishe.

"Nitakutoa nje leo," nikasema. "Niambie cha kufanya."

"Mimi ni mwari, sijui cha kufanya. Mtafute mwenye shughuli."

"Ni nani?"

"Umemkalia kanga yake," likasema dumu.

Natazama chini. Mkeka niliokalia si mkeka, ni kanga nyekundu, na ufukwe si ufukwe, ni sebule ya Bi Somoe kule Jibondo. Bahari hatukuivuka. Nadhani iliona haraka yetu, ikajisogeza. Sina Presha naye yumo, amejibana, pua yake imetokea dirishani na hereni moja imenasa kwenye pazia.

Bi Somoe amekalia sanduku. Hashangai hata kidogo.

"Umechelewa," anasema. "Vua viatu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viatu."

Nikavua. Mwajabu ananitazama kutoka mlango wa chumbani, anajizuia kucheka. Nilikuwa na hamu naye kiasi kwamba nikataka kusimama niende, lakini Bi Somoe akainua kidole kimoja na nikakaa. Kihori kikalazwa mapajani mwake. Kimefungwa kanga nyekundu, doti nzima: kipande kimoja kizima, cha pili kimechanwa pindo. Kila mtu akaitazama ile pindo. Mimi nikatazama dari.

"Anyolewe," akasema Bi Somoe.

Nikapewa wembe. Nikainama, nikaanza kunyoa vile vigamba vya baharini vilivyokiganda tumboni. Vinadondoka kimoja kimoja kwenye sinia, na kila kinachodondoka kinasema, "Samahani, nilidhani hapana mwenyewe."

"Apakwe sifa."

Sifa ni yale mafuta ya maini ya papa, ambayo chombo hakiwezi kuishi bila hayo na mtu hawezi kuishi karibu nayo. Harufu ikajaa nyumba nzima. Tunu, ambaye sasa ameketi ndani ya kihori akiwa wima, akavuta pumzi ndefu.

"Nyumbani kunanuka hivi?" akaniuliza.

"Kutanuka," nikasema.

"Sawa."

"Na mimi je?" akadakia Sina Presha dirishani. "Mwaka huu nimepakwa rangi mara moja tu!"

"Wewe nyamaza," Bi Somoe akamwambia. "Ulikula mbuzi mzima." Kisha akanigeukia. "Jina lake?"

Nikakohoa. "Kihori."

"Hiyo ni kazi yake. Mimi mwanangu sikumwoza Nahodha, nilimwoza Hemedi. Jina lake nani?"

"Sina Presha Mdogo?"

Kuku akakusanya mayai yake, akatoka nje. Mwajabu akajifunika uso kwa mkono, akasema taratibu, "Hemedi, baba Tunu, jitahidi basi," kwa sauti ileile anayotumia nikiwa natafuta ufunguo nilioushika mkononi.

"Jina analo," akasema Bi Somoe. "Alipewa na aliyemuunda. Limefunikwa."

"Limefunikwa na nini, mama?"

"Na mabaki. Tazama pale unapokalia. Hujawahi kutazama unapokalia, wewe?"

Nikalala chali ndani ya kihori, kichwa chini ya ubao wa kukalia. Pale chini pana rangi juu ya rangi. Nikaanza kukwangua kwa kucha. Kwanza ikatoka buluu.

"Mimi ni ya mwaka huu," ikasema. "Nilibaki kwenye kopo, nikaambiwa niende kwa mdogo."

Chini yake kijani. "Na mimi vilevile."

Chini yake nyeupe. "Mimi nilikuwa ya mlango. Sijui hata nimefikaje."

Nikakwangua. Kucha zinauma. Chini ya nyeupe ukatokea ubao mtupu, na kwenye ubao naona mkato wa kisu: mstari mmoja umesimama, mwingine umelala juu yake, umeinamia upande. Nafuta vumbi. Naona mkato wa pili. Miguu midogo ya Tunu inaning'inia karibu na sikio langu.

"Soma kwa sauti, baba," anasema. "Wote tunangoja."

Nikafungua mdomo. Na hapohapo Sina Presha, kwa ile harufu ya sifa, akapiga chafya. Nyumba ikatikisika, pazia likakatika, nikaamka.

Kumekucha. Chumba changu ni kilekile, upande wa Mwajabu ni mtupu, mto umenyooka. Nikajisemea, Hemedi, pweza wa usiku huyo. Nikainua mkono nijikune kichwa.

Kwenye kucha kulikuwa na rangi. Buluu, kijani, na kwa ndani kabisa, nyeupe. Nami brashi ya rangi sijaishika tangu kabla ya Ramadhani.

Sikuvaa hata viatu. Nikakimbia mpaka chini ya mkungu kilipolazwa kihori. Kilikuwa na maji ndani, kama kawaida yake. Nikaingia, nikalala chali katika yale maji ya baridi, mgongo wote ukalowa, nikasukuma kichwa chini ya ubao wa kukalia.

Rangi ilikuwa imekwanguliwa. Mikwaruzo ya kucha ilikuwa mibichi. Na kwenye ubao mtupu, kwa mkono wa Fundi Mkadam, kwa ile T yake yenye paa lililoinamia upande ambayo iko kwenye kila chombo alichokiunda Jibondo, kulikuwa na herufi nne.

TUNU.

Nililala pale majini sijui kwa muda gani. Nilicheka, halafu nikaona kumbe nalia, halafu nikacheka tena. Mwanangu ana jina la kihori changu, na kihori changu nimekiziba kwa kanga aliyoitoa bibi yake. Mwalimu Shaibu akapita akienda kazini, akaniona miguu tu imetokeza.

"Hemedi! Kuna nini huko?"

"Natazama, Mwalimu!"

"Haya," akasema, akaendelea na njia yake.

Nikatoa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshaondoka?"

"Bado, mama. Leo siwachukui." Nikapapasa ule ubao. "Nataka nikitengeneze kihori kwanza. Nikinyoe tumbo, nikizibe kwa pamba, nikipake sifa, kikauke sawasawa. Kisha nije."

Nilisikia mtu anafagia uani kwao.

"Umechungulia chini ya ubao," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimechungulia, mama."

"Alisema mtoto wa kwanza wa Mwajabu atavukia humo, kwa hiyo kiwe na jina lake. Hakusema kama ni wa kike au wa kiume. Mkaidi yule."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia ungekisafisha kwa kuniogopa mimi."

Alikuwa amenijua.

"Sasa sikiliza," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, kidogo tu. "Hizo pamba zenu za dukani sizitaki. Kikumbe maji, ukifika botini ukipandishe juu, kije kimekaa kama abiria. Kalafati ya kuziba nyufa tutaipiga hapa, mafundi wa marehemu wapo. Na wewe utalala hapa mpaka kikauke, umshike mwanao. Kile kipande cha kanga kichomoe taratibu, kisizidi kuchanika. Nitakishona."

"Ndiyo, mama. Ahsante, mama."

"Na fanya haraka. Mwajabu ameanza kuvaa toka alfajiri, sijui nani kamwambia."

Nyuma yake nikasikia chafya, ndogo, ya mtoto mchanga. Kisha ya pili.

"Huyu naye sijui leo ana nini," akasema Bi Somoe. "Nimemwogesha mara mbili. Toka ameamka ananuka mafuta ya sifa, na kopo langu liko stoo, halijafunguliwa."